Darubini ya kwanza: usiinunue kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi

Swali la msomaji wa Dodoma: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme. Binti yangu yuko darasa la sita na amezama kwenye mambo ya nyota kiasi kwamba umeme ukikatika anafurahi. Nimeweka akiba ya laki saba nimnunulie darubini. Dukani nimekuta mbili. Ya kwanza ina kioo cha milimita 76 na fokasi ya 700, na boksi lake limeandikwa inakuza mara 525. Ya pili ina kioo cha milimita 114 na fokasi ya 1000, na stendi yake ina chuma kizito kinachoning'inia upande mmoja. Muuzaji anasema hiyo ndiyo ya kitaalamu. Mtoto anaitaka ya mara 525. Nichukue ipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitatanguliza jibu, sababu zifuate, maana fedha yako ni ya jasho na mtoto atakaa na chombo hiki miaka mingi. Hiyo ya pili, yenye chuma kinachoning'inia, iache kabisa. Ya kwanza ni bomba zuri lililowekwa juu ya miguu mibovu. Inaweza kuokolewa, ila si kwa hali inavyouzwa. Ninayokushauri uitafute ni ya tatu, ambayo hujaikuta dukani: darubini fupi ya kioo, ya kuweka mezani, yenye kipenyo cha milimita 114 au 130, inayozunguka juu ya kitako cha mbao.

Tuanze na hiyo mara 525, kwa kuwa ndiyo iliyomteka binti. Ukuzaji wa darubini unapatikana kwa kugawanya fokasi ya bomba (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale kinapokusanyia mwanga, kwa milimita) kwa fokasi ya ile lenzi ndogo unayoweka jicho. Bomba la 700 na lenzi ya jicho ya milimita 20 vinakupa mara 35. Ndani ya boksi kuna lenzi nyingine ya milimita 4, na hiyo inakupa mara 175. Halafu kuna kibomba cheusi kinachozidisha ukuzaji mara tatu. Zidisha 175 kwa 3, unapata 525. Hesabu ni sahihi, tatizo ni ahadi iliyobebwa na hesabu hiyo. Kioo cha milimita 76 hakiwezi kutoa picha yenye maana zaidi ya kama mara 150, yaani mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita, na hapo usiku uwe umetulia. Ukipita hapo ni kama kuvuta picha ya simu kwa vidole viwili: uso unazidi kuwa mkubwa, lakini kope huzioni. Tena kila ukiongeza ukuzaji mara mbili, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo mara nne, kwa hiyo picha inafifia. Na kipande cha anga unachokiona kinakuwa kidogo mno. Dunia inazunguka, kwa hiyo kwenye mara 525 sayari inavuka na kutoka kabla nusu dakika haijaisha. Mtoto atakuita, utainama uangalie, utakuta weusi.

Kwa miaka yote niliyofundisha watu kutazama anga, muda mwingi tunautumia kwenye mara 25 hadi 100. Galileo alipoigundua miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupiter), Januari 1610, darubini yake ilikuza kama mara 20 tu.

Namba ya kuuliza kwanza ni kipenyo cha lenzi au kioo cha mbele. Darubini ni chombo cha kukinga mwanga. Ukitoa kikombe nje wakati wa mvua utapata kikombe, ukitoa beseni utapata beseni, na mvua ni ile ile. Mboni ya jicho la kijana ikizoea giza hufunguka hadi kama milimita 7. Kioo cha 76 kinakinga mwanga zaidi ya mara 100 ya jicho hilo. Kioo cha 130 kinakinga karibu mara 350, yaani karibu mara tatu ya kile cha 76. Kipenyo kikubwa kinatenganisha pia vitu vilivyokaribiana: nyota mbili zilizoonekana kama moja zinaachana, na mistari ya Mshtarii inaanza kuwa na kingo.

Namba ya pili haiandikwi kwenye boksi lolote, nayo ndiyo inayowavunja moyo wanaoanza. Ni muda ambao darubini inachukua kutulia baada ya kuguswa.

Darubini yangu ya kwanza niliinunua nikiwa mwalimu mpya Morogoro. Lenzi ya milimita 60, bomba jeupe, miguu mitatu ya alumini myembamba kama antena ya redio. Usiku wa kwanza nililenga mwezi. Ulikuwa mkubwa, ulikuwa mweupe, na ulikuwa unacheza. Nikigusa kirungu cha kufokasi unaruka juu na chini. Nikitoa mkono nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo unatulia. Upepo mdogo ukishuka kutoka Uluguru, unaanza upya. Sayari ndiyo zilikuwa haziwezekani kabisa, nilichokiona ni kiuzi cha mwanga kinachojinyonganyonga. Nikaamini lenzi ni mbovu. Nikairudisha kwenye boksi, boksi nikaliweka juu ya kabati, likakaa huko karibu miaka miwili.

Januari 2004, usiku mmoja mtaa mzima umeme umekatika, nikaitoa bila miguu yake. Nilikuwa na mfuko wa mchele uliobaki nusu. Nikauweka juu ya ukuta mfupi wa kibaraza, nikalizamisha bomba katikati ya mfuko, mchele ukalishika pande zote mbili. Sayari ya Zohali (Saturn) ilikuwa upande wa kaskazini, imepanda vizuri, yenye rangi ya majani makavu. Ilinichukua kama dakika kumi kuikamata. Ilipoingia ikatulia, na ilikuwa na pete. Kitu chenyewe kidogo kama punje, lakini kati ya pete na mwili wake kulikuwa na uwazi mweusi, upande huu na upande huu, kana kwamba mtu amekata kwa wembe. Nilimwamsha mke wangu. Lenzi haikuwa na kosa lolote kwa miaka ile miwili, ila miguu ilikuwa inatuficha.

Kwa hiyo ukienda dukani, usitazame ndani ya darubini tu. Ilenge antena au bati la nyumba ya mbali, kaza fokasi, kisha gonga bomba kwa kidole kimoja, kidogo tu, kama unavyobisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Hesabu. Ikitulia ndani ya sekunde mbili, hicho ni chombo. Ikifika nne au tano, mtoto wako ataipenda kwa wiki moja.

Sasa ile ya pili, "ya kitaalamu". Ina makosa mawili, na moja linakuhusu wewe unayeishi Dodoma kuliko mtu wa Ulaya.

La kwanza unaweza kulipima kwa futi. Darubini ya kawaida ya kioo, bomba lake hukaribiana na fokasi yake. Fokasi ikiwa 1000, bomba linatakiwa kukaribia mita moja. Bomba la hiyo uliyoiona, kama ni aina ninayoifikiria, halizidi nusu mita. Maana yake ndani ya kibomba cha kufokasi wameficha lenzi ndogo inayorefusha fokasi. Kwenye darubini za bei nafuu lenzi hiyo huwa hafifu. Unazungusha kirungu mbele na nyuma ukitafuta mahali picha inapokaza, mahali hapo hapapatikani. Vioo vikisogea njiani, kuvilinganisha tena kunamtoa jasho hata mzoefu. (Zipo darubini fupi za aina nyingine ambazo ni nzuri sana, zenye kioo chake kimefunikwa kwa lenzi nene mbele, lakini kwa kipenyo kile kile bei yake huwa juu zaidi.)

La pili ni stendi yenyewe. Ile yenye chuma kinachoning'inia ni stendi ya kiikweta. Mhimili wake mmoja unatakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kama zinapazunguka. Ukishaulenga, unazungusha kirungu kimoja tu na sayari haitoki. Kwa mtu wa Uingereza mambo ni mepesi: ncha iko juu nyuzi 50 na ushee, na karibu yake kuna Nyota ya Kaskazini ya kumwonyesha. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo. Ncha yetu ni ya kusini, na iko juu ya upeo kwa nyuzi 6 tu, yaani upana unaozidi kidogo vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa. Nyota iliyo karibu nayo ni ya daraja la 5.4, hafifu hata ikiwa juu, na kwa kimo hicho vumbi la Dodoma linaimeza. Mhimili lazima ulale karibu sawa na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu hukwama kabla ya kufika huko, na zinazofika, kile chuma kinagonga mguu wa stendi unapozungusha. Nimekutana na watu wenye darubini hizi pwani na bara, watu wenye akili zao na ari, wanaosema "hii kitu inaenda inakotaka yenyewe". Hawajakosea. Ilibuniwa kwa anga lililoinama, nao wanaishi chini ya anga linalopita utosini.

Hilo la utosini lina neema yake, na wenzetu wa kaskazini wanatuonea gere. Sayari, kwetu Dodoma, zikifika katikati ya safari yake ya usiku huwa kwenye nyuzi 60 hivi au zaidi. Mwaka 2018 Zohali ilipanda nyuzi 16 tu juu ya London, ikitazamwa kupitia hewa nzito iliyo juu ya mapaa. Siku zile zile kwako ilipita nyuzi 74. Darubini ile ile ndogo, kwako ingeonyesha zaidi.

Ndiyo maana nataka uitafute ile ya mezani. Bomba linakaa ndani ya kitako cha mbao kinachozunguka kulia na kushoto kama sahani, na lenyewe linapanda na kushuka kwa mkono. Hakuna skrubu za kuhangaika nazo, hakuna ncha ya anga ya kutafuta. Unasukuma kwa kiganja, inakwenda, ukiachia inabaki. Aliyeieneza namna hii ya kitako ni John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa wa Vedanta huko San Francisco. Alitengeneza darubini kwa mbao, maboksi magumu na vioo vya bei chee, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha kuwaonyesha wapita njia mwezi na sayari kando ya barabara.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni Sky-Watcher Heritage 130P: kioo cha milimita 130, fokasi 650, uzito kama kilo sita, na bomba linajikunja likawa fupi. Huja na lenzi za jicho mbili, ya 25 na ya 10, yaani mara 26 na mara 65, na hizo mbili zinamtosha mtu anayeanza kwa mwaka mzima. Zipo zinazofanana nayo zenye majina mengine. Muulize muuzaji mambo mawili: kioo kina umbo la parabola? Na tundu la kuwekea lenzi ya jicho lina kipenyo cha milimita 31.7? Kioo cha fokasi fupi kisichokuwa cha parabola hakikazi picha. Na tundu dogo la milimita 24.5 ni la mtindo wa zamani, lenzi nzuri za kulitosha ni shida kuzipata. Dukani Dodoma huenda usiipate, utaagiza. Uliza bei ikiwa imefika mkononi, pamoja na usafiri na ushuru, siyo bei ya kwenye picha. Na kama mwenye darubini iliyotumika anataka kuuza, kioo chenye vumbi kidogo kisikutishe. Madoa kama utando wa buibui ndiyo ya kuogopa. Huo ni ukungu, unawapata sana wenzetu wa Tanga na Dar, na ukishakula uso wa kioo hautoki.

Ya mezani inataka meza, na hapo watu wengi hukosea. Ukiiweka kwenye meza ya plastiki ya bustanini, umeirudisha kwenye miguu ya alumini. Tumia ukuta mfupi wa kibaraza, kigoda kizito cha mninga, au ndoo ya lita ishirini iliyojaa mchanga na ubao juu yake. Shida yake nyingine ni kwamba kitu kikiwa utosini kabisa kitako kinakuwa kigumu kuongoza, unasukuma kulia wakati picha inataka kwenda pengine. Dawa yake ni subira: ngoja saa moja, anga litasogea.

Zinazojitafutia nyota kwa kompyuta, kwa fedha yako usiziwazie. Hela yote inaishia kwenye mota, kioo kinabaki kidogo.

Ikiwa ya mezani itashindikana, rudi kwenye ile ya 76, mbanane bei, na ujue unanunua bomba tu. Kioo chake kwa fokasi ndefu kama hiyo kinafanya kazi vizuri. Miguu yake wape watoto wa jirani wachezee. Kisha nenda kwa seremala. Niliwahi kufanya kazi hii na fundi mmoja, ikatuchukua mchana mmoja na robo tatu ya plaiwudi. Unatengeneza kisanduku kisicho na mfuniko wala upande wa mbele. Bomba unalifunga mkanda wa mbao wenye masikio mawili ya duara, kulia na kushoto, na masikio hayo yanalala kwenye mikato ya nusu duara juu ya kuta za kisanduku. Chini ya kisanduku unagundisha fomaika, uso wake laini ukitazama ardhini, kinakaa juu ya ubao mwingine kwa skrubu moja ya katikati. Kati ya ubao na fomaika weka vipande vitatu vya plastiki ngumu. Sisi tulikata ubao wa plastiki wa kukatia mboga, vipande vya ukubwa wa kiberiti. Fundi aliponiuliza kwa nini tusiweke beringi, nilimwambia aweke, tujaribu. Tukaweka. Bomba likateleza kama liko kwenye mafuta, ukiachia linaendelea kwenda. Tukazitoa, tukarudisha plastiki. Msuguano wa plastiki na fomaika ndio unaofanya isukumike kwa kidole na kubaki pale pale ulipoiachia. Wewe ni fundi umeme, mikono unayo, na mtoto akishiriki kuijenga ataijua kuliko ya kununua.

Bado utahitaji lenzi mbili za jicho za aina ya Plössl, ya milimita 25 na ya 10. Zile zinazokuja ndani ya boksi, hasa ya 4, tundu lake la kutazamia ni dogo kama la sindano, mtoto atabana jicho hadi limuume. Na kile kibomba cha kuzidisha mara tatu kiweke mbali.

Kuna njia ya tatu ambayo wazazi huidharau: darubini ya macho mawili, ya 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha kila lenzi. Ingekuwa fedha imebana kweli, ningesema anza nayo, ulale kwenye mkeka, uegemeze viwiko. Kilimia, kile kishada ambacho wazee wa pwani walikisoma wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kwa macho matupu kina nyota sita au saba. Kwa 10x50 zinajaa makumi, nyeupe za kibuluu, na hazitoshei vizuri kwenye darubini kubwa maana kishada ni kipana. Ukiiegemeza ukutani isitikisike, hata miezi ya Mshtarii inaonekana. Lakini kwa mtoto aliyekwisha kuzama, pete za Zohali ndizo anazozitaka, na hizo 10x50 haitampa.

Nikuandae, ili naye umwandae, kwa kile kitakachoonekana. Picha za rangi za zambarau na dhahabu zinazozunguka kwenye simu zimepigwa kwa kamera zilizokusanya mwanga kwa muda mrefu. Jicho halifanyi hivyo. Nebula ya Jabari, kundi ambalo wengi hulijua kwa jina la Orion, kwenye kioo cha 130 ni wingu la kijivu lenye kijani kwa mbali, limetandaza mbawa, na katikati yake nyota nne ndogo zimesongamana. Kwa aliyeahidiwa zambarau ni hasara. Kwa aliyeambiwa kwamba humo ndimo nyota zinamozaliwa, atalitazama kwa muda mrefu. Nawe una bahati: nebula hiyo hupita utosini kwako karibu kabisa. Mwishoni mwa Januari iko juu kama saa tatu na nusu usiku, mvua ikiruhusu, na mwishoni mwa Septemba, msimu wa anga safi, mwamshe saa kumi na moja alfajiri.

Kuanzia Mei hadi Oktoba anga la Dodoma ni la kifalme. Nge anapanda mzima mzima, Njia ya Maziwa inapita juu ya kichwa. Sogea nje ya mji kidogo, upande wa Hombolo kwa mfano, mbali na taa. Jioni za Mei na Juni mlenge Msalaba wa Kusini, kisha zile nyota mbili angavu pembeni yake. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri. Ikuze mara 65, itagawanyika kuwa mbili, jozi ya manjano. Mwanga huo ulianza safari miaka minne na miezi kadhaa iliyopita. Mwambie binti yako kwamba ulitoka kule akiwa darasa la pili. Juu kidogo kuna Omega Kentauri, kishada kikubwa cha nyota, ambayo kwa macho ni nyota yenye ukungu, na kwenye kioo cha 130 ni kama unga uliomwagwa kwenye kitambaa cheusi, punje zikimetameta ukingoni. Wapenzi wa nyota wa Ulaya wengi hufunga safari kuja kusini ili kuiona.

Zohali mwambie aifuatilie kwa miaka. Machi 2025 pete zake zilitugeuzia ukingo zikawa kama uzi. Tangu hapo zinafunguka polepole, na mwanzoni mwa miaka ya 2030 zitakuwa wazi kabisa. Naye atakuwa mtu mzima.

Kuhusu jua nasema kama baba. Boksini kunaweza kuwa na kioo kidogo cheusi au cha kijani kimeandikwa jua, cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Kivunje siku hiyo hiyo. Kinakaa mahali ambapo joto lote limekusanywa, kinaweza kupasuka, na jicho linaungua bila maumivu. Kichujio salama ni kile kinachofunika mdomo wa mbele wa darubini wote, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Nalisema mapema kwa sababu Agosti 2, 2027 kuna kupatwa kwa jua, kikamilifu kule Misri na Saudia, kwa sehemu hapa kwetu, na watu watakuwa na hamu kama ile ya Septemba 1, 2016 walipofurika Rujewa, Mbeya. Mchana, darubini isiyo na kichujio ikae ndani imefunikwa.

Machache ya matunzo. Itoe nje nusu saa kabla ya kutazama, ipoe ilingane na hewa. Msitazame juu ya paa la bati jioni. Bati limekula jua kutwa, joto linapanda, na sayari itachemka kama iko chini ya maji. Kioo msikifute kwa khanga wala kwa pumzi. Tochi ifungeni kitambaa chekundu, na simu iwekeni mbali, maana jicho linahitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza, na skrini moja inayafuta yote. Ramani ya anga mwandalie mapema kwa programu ya Stellarium, haina malipo.

Ikifika, usiku wa kwanza mpeni mwezi, lakini siyo mwezi mpevu. Uwe wa siku saba hivi, mlenge ule mpaka wa giza na mwanga, kwenye vivuli virefu vya milima. Usiku wa pili, kama Mshtarii uko juu, mpe kazi kwenye daftari lake: achore duara la sayari, na nukta nne za miezi yake kama zinavyokaa kushoto na kulia, aandike saa. Kama anaona tatu, achore tatu. Galileo naye Januari 7, 1610 aliona tatu, ya nne akaiona Januari 13. Kesho yake, saa ile ile, achore tena bila kufungua ukurasa wa jana.